Kwa nini mpira wa kwenye runinga haushuki bei hata kampuni zikishindana?

Kila mwisho wa juma, ujumbe tunaopokea studio kutoka Marangu, Kibosho, Machame hadi Rombo unafanana: mechi ya leo iko king'amuzi gani? Swali ni fupi, lakini nyuma yake kuna fedha nyingi, na sehemu ya fedha hizo inatoka mfukoni mwako msikilizaji.

Nani anaonyesha nini

Mwaka 2013, mitambo ya analojia ilipozimwa Moshi na Arusha, antena ya zamani peke yake haikutosha tena. Mwaka huohuo Azam TV iliingia kwenye Ligi Kuu yetu. Yanga walipinga mkataba ule. Walihoji mgawo sawa kwa klabu zote, na pia undugu wa kampuni hiyo na Azam FC, mpinzani wao uwanjani. Mkataba ulisimama. Mei 2021 Azam Media na TFF walisaini mwingine wa miaka 10, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6.

Upande wa pili wapo DStv, ambao kupitia SuperSport wanaonyesha Ligi Kuu ya England. StarTimes nao wamejijenga kwa vifurushi vya bei ya chini.

Ushindani uko wapi?

Maduka mawili ya soko la Mbuyuni yakiuza sukari ileile, mteja huenda penye nafuu. Mpira hauuzwi hivyo. Haki za ligi huchukuliwa na kampuni moja, na anayetaka kuona Simba na Yanga hana duka la pili. Kampuni hushindana mapema, wakati wa kununua haki, na hapo ushindani hupandisha bei. Aliyeshinda hurudisha gharama zake kupitia vifurushi.

Kugawa haki nako si dawa ya moja kwa moja. Nchini Uingereza, Sky walikuwa na Ligi Kuu peke yao tangu 1992. Tume ya Ulaya ilibana, na kuanzia 2007 baadhi ya mechi zikaenda kwa Setanta. Shabiki aliyetaka kuona zote akajikuta analipa kampuni mbili.

Wanaonufaika wapo. Polisi Tanzania, waliokuwa wakicheza Uwanja wa Ushirika, walipata mgawo wa fedha za runinga walipokuwa Ligi Kuu. Waliposhuka daraja 2023, mgawo huo wa Ligi Kuu nao ukaondoka Moshi.

Gharama ya mlimani

Mawimbi ya mnara huzuiwa na vilima na makorongo yetu, hivyo vijiji vingi hutegemea dishi. Dishi la DStv huku kwetu huelekea karibu utosini. La Azam huinamia magharibi, na mgomba ukirefuka upande huo picha inakatika. Anayetaka ligi zote mbili anahitaji madishi mawili na malipo mawili.

Ndiyo maana banda umiza halifi. Watu wengi hugawana gharama ya kifurushi kimoja kwa kiingilio kidogo. Lakini mwenye banda ajue kwamba kifurushi cha nyumbani hakikuuzwa kwa ajili ya biashara, na maonyesho ya hadharani yana kibali chake.

Kabla hujanunua

Muulize jirani wa kitongoji chako king'amuzi gani kinashika vizuri hata mvua za masika zikipiga. Uliza pia ligi unayoitaka iko kifurushi kipi, maana cha bei ya chini huenda kisiwe nayo.

AFCON ya 2027

Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa fainali hizo pamoja, na ujenzi wa uwanja mpya ulianza Arusha kwa ajili yake, kama kilometa 80 kutoka Moshi. Uingereza ina orodha ya michezo, kama fainali ya Kombe la Dunia, ambayo sheria inalinda isifungiwe kwenye chaneli za kulipia tu. Swali la kuwauliza wabunge wetu mapema ni hili: Taifa Stars wakicheza nyumbani, bibi wa Kibosho asiye na kifurushi atawaona? Redio tutakuwepo kumsimulia, lakini naye ana haki ya kuona.