Ukaguzi wa Ndani Usisubiri Mfumo Ukamilike

Ujenzi wa mfumo wa usimamizi wa ubora katika taasisi zetu nyingi hufuata mpangilio uleule: kamati, semina, miongozo, kisha fomu. Ukaguzi wa ndani huachwa mwisho, wakaguzi wa nje wakikaribia kubisha hodi. Hoja inayotolewa ni kwamba hakuna cha kukagua kabla mfumo haujakamilika. Hoja hiyo ni potofu, na gharama yake huilipa mwananchi.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 9001, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1987, kinaitaka taasisi ijikague kwa vipindi ilivyojipangia. Hakiitaki isubiri hadi miongozo yote iandikwe.

Tuichukulie zahanati ya kijiji, iwe huku Galula au kwingineko katika bonde la Ziwa Rukwa. Tuseme imeandika utaratibu mmoja tu: namna ya kupokea, kutunza na kutoa dawa. Baada ya miezi miwili ya utekelezaji, mtu asiyehusika na chumba cha dawa achukue leja, ahesabu makopo, asome tarehe za mwisho wa matumizi, kisha ajiulize: je, kinachofanyika ndicho kilichoandikwa? Huo tayari ni ukaguzi. Ikibainika kwamba fomu haijazwi kwa kuwa ni ndefu mno kwa mhudumu mwenye foleni ya wagonjwa, itafupishwa kabla kasoro hiyo haijanakiliwa katika taratibu nyingine kumi. Samaki mkunje angali mbichi.

Wapo wanaosema, na wana haki, kwamba kukagua mapema mno ni kukagua makaratasi matupu. Kwa sababu hiyo kipimo changu ni kumbukumbu, si kalenda. Utaratibu ukishatumika kiasi cha kuacha kumbukumbu zinazoweza kusomwa, umeiva kukaguliwa. Usioacha kumbukumbu yoyote baada ya muda huo umekwisha kujieleza wenyewe.

Sharti moja halina mjadala: mganga hajigangi. Mganga mfawidhi asikague kazi anayoisimamia mwenyewe. Pale watumishi walipo wachache, zahanati jirani zibadilishane wakaguzi. Ukaguzi ukianza mapema na mara kwa mara, watumishi huuzoea kama sehemu ya kazi. Ukija mwishoni, mkaguzi huonekana askari.

Serikali yenyewe inatupa somo. Mwaka wa fedha hufungwa Juni 30, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukabidhi ripoti yake kwa Rais ifikapo mwisho wa Machi unaofuata. Kosa lililotendeka Julai, mwanzoni mwa mwaka huo wa fedha, husomwa baada ya miezi ishirini hivi. Ukaguzi huo ni wa lazima kwa uwajibikaji, lakini mgonjwa aliyekosa dawa hautamfaa tena. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inaitaka halmashauri iwe na mkaguzi wake wa ndani kwa sababu yupo karibu na kosa lingali dogo.

Vituo vya afya ya msingi vilipopimwa kwa nyota nchini kote mwaka 2015/16, takribani thuluthi moja havikupata hata nyota moja. Ilibidi mgeni aje kuwaonyesha wenye nyumba mahali paa linapovuja.

Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na taasisi zake nyingi bado zinajijenga. Kwa watumishi wa umma, ushauri wangu ni huu: siku mnayotia saini utaratibu wa kwanza, andikeni papo hapo tarehe ya kuukagua na jina la atakayeukagua. Kwa wanafunzi na wanaharakati: msiridhike mkionyeshwa jalada la miongozo. Ulizeni ukaguzi wa mwisho ulifanyika lini, uligundua nini, na nini kimerekebishwa tangu hapo.