Msiukate Mlimau Wetu

Katika ploti yetu pana mlimau mmoja tu, na mwaka huu nusura ukatwe. Majani yake yaligeuka meusi ti, kama sufuria ya jiko la makaa. Wapangaji wakaanza: eti ni moshi wa jaa la Dandora, eti ni ugonjwa utakaomaliza sukuma wiki yetu. Mzee anayetunza ploti akaenda kuchukua panga.

Nilitwaa kitambaa chenye maji nikasugua jani moja. Weusi ukatoka, kijani kikaonekana. "Mzee, hebu ona kwanza," nikamwambia.

Ule weusi ni kuvu. Haiingii ndani ya jani wala hailili. Hula majimaji matamu yanayotolewa na wadudu wadogo wafyonzao utomvu wa mti. Kosa lake ni kuziba mwanga wa jua. Sisimizi nao huwalinda wadudu hao kwa sababu ya utamu huohuo. Basi mwizi ni mdudu. Kuvu ni mla makombo tu.

Kusema kweli, hakuna jani lililo tupu. Hata lile safi machoni lina kuvu nyingi na jamii ya hamira, zilizoletwa na upepo na mvua. Nyingi hazidhuru, na nyingine huwanyima waharibifu nafasi na chakula.

Sikatai, waharibifu wapo. Kutu ya kahawa hupenya kupitia vitundu vidogo vya chini ya jani. Ilipozuka Sri Lanka mwaka wa 1869, hatimaye wakulima waliiacha kahawa wakapanda chai. Hapa kwetu, watafiti wa Ruiru walitoa mwaka wa 1985 kahawa iitwayo Ruiru 11, inayostahimili kutu hiyo.

Wahenga walisema samaki mmoja akioza wote wameoza. Kwa kuvu, mimi nakataa! Tuchunguze kabla ya kushika panga au kununua dawa. Katika ploti zetu zilizobanana, dawa ikinyunyizwa hupeperuka hadi kwenye nguo zilizoanikwa na mboga za jirani. Tena huua wale wadudu wekundu wenye madoa meusi, ambao ndio huwala wafyonzaji.

Sisi tuliosha majani kwa maji ya sabuni, wiki baada ya wiki. Jana mzee mwenyewe alichuma limau la chai. Wenzangu, kuuliza si ujinga.