Kura si tike ya pari

Bandugu bijana ba Lubumbashi,

Mwezi wa 1 mwaka 2026, kule Marekani, sherehe ya Golden Globes ilipita kwa televisheni pamoja na namba za Polymarket: nani atashinda, asilimia ngapi. Hata sinema imekuwa pari. Namna yake iko nyepesi: unanunua «ndiyo» kwa senti 30, jambo likitokea unapata dola 1, lisipotokea senti zako zimeenda.

Siye hii njia tunaijua. Zamani, Mazembe na Lupopo wakicheza, tulibishana bure. Leo, ku Kenya na ku Katuba, kijana anaangalia tike yake kuliko mpira.

Lakini mpira unaisha. Kura na vita vinabaki na sisi. Polymarket inauza pari juu ya hivyo pia. Mwenye kujua siri njo anakula, na makuta yanatoka kwa asiyejua. Mbaya zaidi, mwenye pari anaweza kusukuma jambo litokee.

Tunadai Bunge litunge sheria mapema: hakuna pari juu ya kura, vita wala magonjwa. Na we kijana, kura yako haina bei. Enda kuipiga.