Chumvi ya Manganisi: Tupime Udongo Kwanza

Salfeti ya manganisi ni chumvi yenye fuwele za rangi ya waridi hafifu, iyeyukayo upesi majini. Huchanganywa katika chakula cha kuku ili kukinga viungo vya vifaranga visilemae, na hunyunyiziwa mimea iliyopungukiwa na manganisi. Mwaka 1922 mwanakemia wa Marekani, J. S. McHargue, alionyesha kwamba mmea hauwezi kukua vema bila manganisi. Leo twajua kuwa atomi nne za manganisi hushiriki katika kupasua maji wakati wa usanisinuru.

Kwa sababu ya sifa hizo, wapo wadhanio kuwa kila jani la njano linahitaji chumvi hii. Dhana hiyo ni ya hatari, hasa katika nyanda za juu za Kigoma. Mvua nyingi za Kibondo na Kasulu huosha kalisi na magnesi kutoka katika udongo, na sehemu kubwa ya udongo huo hubaki na asidi. Kipimo cha pH kishukapo chini ya 5.5, oksidi nyeusi za manganisi zilizomo ardhini huanza kuyeyuka, na mizizi huweza kufyonza manganisi kupita kiasi. Maharage ni miongoni mwa mazao yanayodhurika upesi. Majani machanga hujikunja na kuwa ya njano katikati ya mishipa, nayo yaliyokomaa hutokwa na madoa ya kahawia.

Ikumbukwe kwamba upungufu wa manganisi nao huleta njano katikati ya mishipa. Basi jicho peke yake halitoshi. Mkulima wa Mabamba akinunua chumvi hii kwa kuamini jicho, huenda akaongeza sumu shambani kwa fedha yake mwenyewe, ilhali alichohitaji ni chokaa ya kilimo ya kupunguza asidi. Chumvi hiyo hufaa zaidi penye udongo wenye chokaa nyingi, kama ule uliotokana na matumbawe, ambamo manganisi huwa haiyeyuki kwa urahisi.

Kazi hii yaweza kuanzia katika shule za sekondari. Wanafunzi wachukue udongo kutoka mashamba kadhaa, wauchanganye na maji yaliyokenekwa, wapime pH na kuandika matokeo. Udongo wenye mashaka upelekwe kwa wataalamu, kama wale wa kituo cha utafiti cha Mlingano, Tanga. Ushauri wa mbolea utolewe baada ya hapo.