Ukiuza Umebanwa, Unauza Mbili kwa Bei ya Moja



Juzi kijiweni hapa Nyamongo mjadala uliwaka: mwenye mgodi akiishiwa hela anakimbilia wapi? Wengi walisema benki. Mimi nimeishia kidato cha nne na sio mchumi, lakini naomba nichangie.

Kampuni ambayo hisa zake ziko sokoni tayari inaweza kutoa hisa nyingine mpya na kuziuza. Hapo hakuna mkopo wala riba. Ila bosi hapangi bei peke yake. Anayeamua hasa ni mnunuzi, kutokana na anavyoiona kampuni siku hiyo.

Chukua Barrick, walioupata mgodi wa North Mara mwaka 2006 walipoinunua Placer Dome. Mwaka 2009 walikuwa wamefungwa na mikataba ya zamani ya kuuza dhahabu kwa bei ya chini, huku bei ya soko inapanda. Wawekezaji walikuwa hawaipendi kabisa. Septemba mwaka huo kampuni ikatangaza hisa mpya ili ijinasue. Ilitaka dola bilioni 3, watu wakagombania, ikaishia karibu bilioni 4. Kila hisa ilikwenda dola 36.95.

Oktoba 2013 wakarudi sokoni kutafuta bilioni 3 za kulipa madeni. Safari hii dhahabu imeporomoka, na mradi wao wa Pascua-Lama, mpakani mwa Chile na Argentina, umesimamishwa. Wanunuzi wakajua jamaa kabanwa. Hisa ikauzwa dola 18.35.

Pigeni hesabu wenyewe. Bilioni 3 kwa bei ya 2009 ni hisa kama milioni 81. Kwa bei ya 2013 ni kama milioni 163. Hela ile ile, hisa mara mbili!

Ni sawa na mtu wa Mugumu kupeleka ng'ombe mnadani wiki ya ada. Madalali wakishanusa shida yako, ng'ombe wawili wanaondoka kwa bei ya mmoja.

Anayeumia ni mwenye hisa wa zamani, maana fungu lake kwenye kampuni linapungua. Serikali yetu imejikinga: Sheria ya Madini ilivyorekebishwa 2017 inaipa hisa zisizopungua asilimia 16 kwenye migodi mikubwa, na haziwezi kupunguzwa kwa kutoa hisa mpya. Hapo nasifu.

Lakini wewe mwalimu wa Tarime au mfanyabiashara wa Sirari mwenye hisa zako pale soko la Dar, kinga hiyo huna. Mwaka 2015 CRDB iliuza hisa mpya zaidi ya milioni 435 kwa shilingi 350, na wenye hisa walipewa nafasi ya kwanza: ukiwa na 5, unaruhusiwa kununua 1. Aliyekaa kimya, fungu lake lilipungua.

Bamdogo wangu alishawahi kupata barua ya namna hiyo kutoka kampuni nyingine. Aliikunja akaiweka kabatini akidhani ni matangazo. Muda ukapita.

Kwa hiyo barua ikija, isome. Halafu jiulize swali moja: hawa wanauza kwa sababu wanakua, au kwa sababu wamebanwa? Wanunuzi wakubwa huuliza hilo kwanza, na jibu lao ndilo linakuwa bei.

Nawasilisha. Mwenye hoja tofauti aimwage hapa chini.