Ramani ya Buzebazeba Ichorwe na Wakazi Wake

Dereva wa lori atokaye Dar es Salaam kuelekea Kigoma siku hizi hana haja kubwa ya kuuliza njia. Simu iliyobandikwa mbele ya usukani humpitisha Dodoma, Tabora na Uvinza, ikimhesabia kilomita zilizobaki na hata saa atakayofika. Lakini aingiapo Buzebazeba na kuanza kuitafuta nyumba ya mwenye mzigo, mara nyingi humbidi ateremshe kioo na kumwita kijana wa bodaboda. Chombo kilichomwongoza zaidi ya kilomita elfu moja humtupa mkono katika mita mia mbili za mwisho. Mita hizo mia mbili zastahili kujadiliwa, kwa kuwa ndani yake mna jambo zito kuliko mzigo wa lori: ni nani aijuaye nchi hii, na ujuzi wake umeandikwa wapi?

Jambo hilo si geni katika Ujiji. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kupitia Tabora iliongozwa na kirangozi, aliyetangulia mbele na bendera, naye ndiye aliyejua visima, vivuko na kiasi cha hongo alichotoza kila mtemi. Burton na Speke walifika Ujiji mwezi Februari 1858 kwa ujuzi wa watu wa namna hiyo, na Stanley akamkuta Livingstone hapo hapo mwaka 1871. Sidi Mubarak Bombay alikuwamo katika safari zote mbili. Ramani zilizotokana na safari hizo zilichapwa Ulaya na kuwapa sifa wageni, ilhali wengi wa waliowaonyesha njia waliishia kulipwa doti za nguo.

Gari lilipoingia, kirangozi alibadilika sura tu, akawa utingo. Ndiye aliyeteremka kupima kina cha maji mtoni, ndiye aliyeuliza wenyeji kama njia inapitika baada ya mvua. Ramani za serikali za kipimo cha 1 kwa 50,000 zilikuwapo, tena nzuri, lakini zilikaa kwenye makabati ya ofisi za ardhi. Ni wasafiri wangapi waliopata kumwona dereva wa basi akikunjua karatasi ya aina hiyo juu ya usukani? Dereva alikuwa na mlima, mwembe, msikiti na kona ya duka, na vyote hivyo alivihifadhi kichwani.

Katika nchi zenye viwanda vingi mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mwaka 1981 kampuni ya Honda ya Japani ilitoa chombo kilichohisi mgeuko wa gari na kuhesabu mwendo wake, kisha kikaonyesha alama ya gari juu ya ramani angavu iliyochomekwa mbele ya kioo. Karatasi ikiisha, dereva alichomeka nyingine. Mwaka 1985 kampuni ya Etak ya California ikauza chombo kilichosoma ramani kutoka katika kanda za kaseti, na mji mkubwa kama Los Angeles ulihitaji kanda kadhaa. Chombo hicho hakikutegemea setilaiti. Kilihesabu mizunguko ya magurudumu na kutazama dira. Inafurahisha kujua kwamba jina Etak lilichukuliwa kutoka kwa mabaharia wa visiwa vya Pasifiki, ambao huhesabu safari kana kwamba mtumbwi umesimama na visiwa ndivyo vinavyosogea. Kwenye kioo cha chombo hicho pia gari lilikaa katikati, na ramani ikazunguka. Wataalamu wa kompyuta, pamoja na elimu yao yote, walikwenda kuazima wazo kwa waendesha mitumbwi.

Setilaiti zilikuja kwa mlango wa jeshi. Marekani ilirusha ya kwanza ya mfumo wa GPS mwaka 1978 kwa mahitaji ya kivita. Mwaka 1983, baada ya ndege ya abiria ya Korea ya Kusini kupotea njia na kutunguliwa na Urusi ya Kisovieti, wakafa watu 269, Rais Reagan aliahidi kwamba raia nao watautumia. Mfumo ulikamilika mwaka 1995, lakini mawimbi ya raia yaliharibiwa makusudi kiasi kwamba kosa liliweza kufikia mita mia moja, hadi Rais Clinton alipoamuru uharibifu huo ukome mwezi Mei 2000. Mita mia moja ni mtaa mzima! Tangu siku hiyo ndipo chombo kikawa cha manufaa kwa mwenye gari. Mwaka 2009 Google ikaanza kutoa huduma ya sauti inayomwelekeza dereva kwa simu bila malipo, ikiwa kutoa habari za nyendo zako hakuhesabiwi kuwa malipo.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Hudhani kwamba setilaiti inawaona na kuwajua. La hasha! Setilaiti, ikiwa juu kiasi cha kilomita 20,000, hutangaza saa yake tu na mahali ilipo. Simu hupima kuchelewa kwa mawimbi kutoka setilaiti nne au zaidi, ikapata tarakimu za mahali. Jina la mtaa, njia ipitayo gari na njia ipitayo baiskeli tu, zahanati, kisima, vyote hivyo vimeingizwa na mkono wa mtu. Makampuni huanza penye biashara. Wapo wasemao kwamba picha za angani zitamaliza kazi yote. Picha huonyesha bati. Haisemi nani anaishi chini ya bati hilo wala mtaa unaitwaje.

Serikali ililitambua jambo hili ilipoendesha operesheni ya anwani za makazi mwaka 2022, kabla ya sensa ya mwezi Agosti. Nguzo za majina ya mitaa zilisimikwa, nyumba zikapewa namba, na mfumo wa NaPA ukawekwa ili anwani ipatikane kwa simu. Ilikuwa kazi kubwa na ya kusifiwa. Lakini operesheni zina ugonjwa wake: huanza kwa ngoma na kwisha kwa taarifa. Nyumba hujengwa kila mwaka, njia huzibwa, nyingine hufunguliwa.

Na katika mwambao wa Tanganyika hata ziwa halitulii. Lilifurika na kumwagika kupitia mto Lukuga mwaka 1878, kisha likashuka mita kadhaa, hata mahali pa ukumbusho wa Livingstone pale Ujiji pakabaki mbali na maji. Mwaka 2021, na tena 2024, maji yalipanda na kumeza sehemu za mwambao. Ramani isiyosahihishwa katika mji wa namna hii itamwelekeza dereva majini, tena kwa sauti ya upole.

Anayeumia si mwenye lori. Chini ya mpango wa m-mama, ulioanza kusambazwa nchini mwaka 2022, mama mwenye uchungu au ndugu zake hupiga namba 115, kisha hutumwa gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyeandikishwa. Saa nane za usiku hakuna kijana wa bodaboda wa kuulizwa. Mtu wa nyumbani atasema kwa simu, "Ukifika penye mwembe mkubwa, kata kushoto." Katika Ujiji, mji wa miembe!

Manispaa ya Kigoma Ujiji haina haja ya kungoja kampuni yoyote. Tangu mwaka 2015, chini ya mradi wa Ramani Huria, wanafunzi na wakazi wa Dar es Salaam walichora kata zao zilizokuwa zikifurika, na kazi hiyo ikawekwa katika ramani ya wazi ambayo kila mtu aweza kuitumia na kuisahihisha. Wanafunzi wa sekondari wa Buzebazeba na walimu wao wa jiografia waweza kufanya vivyo hivyo kwa simu chache, wakiongozana na wenyeviti wa mitaa na wazee wanaojua kwa nini kila mahali pakaitwa hivyo. Mtendaji wa kata apewe wajibu wa kuingiza katika NaPA kila nyumba mpya na kila njia iliyofungwa, na jina la mtaa liandikwe jinsi wenyeji wanavyolitamka. Baraza la madiwani nalo litenge fungu la kazi hiyo katika bajeti ya kila mwaka, kama linavyotenga la kuzibua mitaro, na msimu wa mvua ukiisha ramani ipitiwe upya kuanzia ufukweni.