Mwenye Ulemavu Asiulizwe Peke Yake

Mswahili mgonjwa akiulizwa "Hujambo?" hujibu "Sijambo", hata kama hakupata lepe la usingizi kwa maumivu. Si mwongo. Adabu ya lugha yamtaka ajibu hivyo kwanza, kisha aeleze shida yake taratibu. Lakini uungwana huo waweza kumnyima haki mtu anayeingia katika chumba cha daktari kupimwa ulemavu.

Upimaji huo si jambo dogo. Ripoti ya madaktari ndiyo inayomwezesha mtu kuandikishwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu na kupewa kadi. Kwa kadi hiyo mfanyakazi huweza kuomba asitozwe kodi kwa Sh150,000 za kwanza za mapato yake ya kila mwezi.

Tuseme ni mama mzee wa Kimbo aliyepooza upande mmoja. Bintiye amemshika mkono, wakapanda matatu hadi hospitali, iwe ya Ruiru au ya Thika. Mlangoni binti anaambiwa, "Wewe ngoja nje." Ndani mama anaulizwa, "Unaweza kutembea?" Anajibu, "Naweza, daktari." Anaulizwa, "Unapika?" Anajibu, "Napika."

Majibu yote mawili ni ya kweli, na yote mawili yanapotosha. Kitenzi "kuweza" hakisemi mara ngapi, kwa muda gani, wala kwa msaada wa nani. Mama hutembea kutoka kitandani hadi mlangoni, akishika ukuta. Hupika, lakini bintiye ndiye huchota maji na kuipua sufuria. Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayewajua kunguni hao ameachwa kwenye benchi.

Wapo watakaopinga kwamba mwandani huweza kumsemea mgonjwa, kumfundisha la kusema, au hata kuwa ndiye anayemtesa nyumbani. Hoja hizi zina uzito. Hata hivyo, dawa yake si kufunga mlango. Mwenye ulemavu achague mwenyewe nani aingie naye. Aulizwe yeye kwanza na ajibu yeye kwanza; mwandani aongeze yaliyosahauliwa. Kisha daktari abaki na mgonjwa peke yake kwa dakika chache, apate kusema lile asiloweza kulisema mbele ya jamaa.

Tukumbuke pia kwamba serikali yenyewe inamtambua mlezi. Katika mpango wa Inua Jamii, Sh2,000 kwa mwezi hutengewa kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkali anayehitaji kutunzwa saa zote. Itakuwaje basi mlezi atambuliwe wakati wa malipo, asitambuliwe wakati wa kupimwa? Huko Uingereza, anayeomba malipo ya ulemavu huruhusiwa kufika kwenye uchunguzi na mtu wa kumsaidia. Nasi tuna Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010, kinachompa mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa utu wake, na ya kutumia lugha ya ishara, Breli au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa. Kwa wengi, njia hiyo ni mtu aliyezoea kuwasikiliza.

Yafaa basi kila hospitali inayopima ulemavu ibandike mlangoni tangazo la Kiswahili linaloeleza kwamba mwandani anaruhusiwa. Madaktari nao waache kuuliza "Unaweza?" tu, waulize pia "Nani hukusaidia, na asipokuwapo huwaje?" Jamaa, kwa upande wao, waandike mambo ya wiki nzima kabla ya siku ya kupimwa: mgonjwa alianguka lini, alishindwa na nini, nani alimwinua.

Husemwa kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Ni kweli, lakini maiti hasemi. Mgonjwa yu hai, na akisaidiwa atasema. Binti aruhusiwe kuingia.